Ubavu wa Ng'ombe

Callixte wa Kirolirwe alikosa vitu vingi. Hakuwa na diploma. Hakuwa na koti jeupe wala kitanda cha kulazia wagonjwa, ila benchi la kanisa lililovunjika mguu mmoja, akalitegemeza kwa tofali. Hakuwa na kile chuma king'aacho ambacho Mama Hélène, kiné wa hospitali, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, alikitumia kukwangulia misuli ya watu. Hakuwa na nguvu tena katika dole gumba, kwani miaka thelathini ya kukamua ng'ombe wa wengine ilikuwa imezimaliza. Na tangu azike mke wake, hakuwa na mtu wa kumwambia, "Hapa umekosea."

Alichokuwa nacho ni ubavu wa ng'ombe. Mama Hélène alipokuja kuwafundisha watu wanne katika chumba cha parokia, kwa siku sita, aliwaambia kwamba chuma si lazima. Ukingo wowote laini usiokata unatosha: unapaka ngozi mafuta, unalaza kifaa kwa mshazari, unakitelezesha polepole juu ya nyama iliyokakamaa mpaka ilegee. Callixte akaomba ubavu kwenye karamu ya harusi, akauchemsha, akausugua kwa mchanga wa mto na kuung'arisha kwa siagi, hata ukawa laini kama sabuni. Wabeba mizigo wakaja na migongo yao, wachungaji wakaja na magoti yao, wakarudi nyumbani wakitembea vizuri.

Masharti ya Mama Hélène aliyaandika katika daftari, kwa mwandiko mzuri alioupata kwenye masomo ya jioni akiwa na miaka arobaini. La tatu alilipigia mistari miwili: *Mguu mmoja ukivimba na kuwa moto, hasa wa mama aliyezaa karibuni, usiuguse. Mtume hospitali siku ileile.*

Lakini watu wa mlima huo walikuwa na sharti lao, la zamani kuliko daftari. Babu zao waliumikwa kwa pembe na kuchanjwa, na damu mbaya ilipaswa kuonekana kwa macho. Aliyetoka kwa Callixte bila alama nyekundu alijiona ameibiwa. Baada ya misa wanaume walipandisha suruali wakapimana alama. Mwanzoni Callixte aliwabishia, kwa sababu Mama Hélène alisema wekundu si dawa. Baadaye alichoka kubisha. Baadaye tena akaanza kufurahi wakisema, "Mkono wa Callixte ni mkali."

Jumatano moja Mukamurenzi alimleta mke wa mwanawe, Aurélie, aliyekuwa amezaa wiki tatu zilizopita. Kwa desturi ya mwanamke aliyejifungua, Mukamurenzi alikuwa amemlaza kitandani siku zote hizo, hakumruhusu hata kushika ufagio. Sasa shavu la mguu wa kushoto lilimuuma.

Callixte alipaka siagi, akapitisha ubavu mara mbili, taratibu. Akausimamisha. Chini ya kiganja chake mguu ulikuwa moto. Akaushika wa kulia. Ulikuwa wa baridi, tena mwembamba kuliko mwenzake.

"Mama, huyu aende hospitali," alisema.

"Hospitali juu ya nini? Muguu tu!" Mukamurenzi aliinama akaangalia. "Hata alama haiko. Papa Callixte, ule mufupa unatumia kupanguza vumbi ao?"

"Mama, daftari inasema..."

"Daftari njo itamuponya? Sema tu umezeeka, tutamupeleka kwa wale vijana wanakwanguaka kule Muheto."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Aurélie mwenyewe akatabasamu, akasema kwa sauti ndogo, "Kwangula tu, papa. Nitavumilia."

Akakwangua. Alikwangua kwa nguvu kuanzia kifundo hadi nyuma ya goti, huku masikio yakimwaka kwa kile kicheko, mpaka ngozi ikawa nyekundu kama udongo wa barabara. Mukamurenzi akapiga makofi.

Ijumaa asubuhi, Callixte akifagia uwanja wake, aliona wanaume wanne wakiteremka na kipoyi, machela ya miti, mabegani. Juu yake Aurélie alikuwa ameketi nusu, mdomo wazi, akivuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyekimbia. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mukamurenzi alikuwa nyuma na mtoto mgongoni.

"Tuombee, papa," alisema bila kusimama. "Infirmier wa kituo cha afya anasema ni malaria imepanda mu mapafu. Ameandika karatasi ya hospitali. Lakini ule muguu, aksanti, ulitengeneza muzuri."

Callixte aliwafuata kwa macho, ufagio mkononi. Wakapinda kona.

Aliingia ndani akafungua daftari, ingawa alijua lilivyosema. Mama Hélène alikuwa amewaeleza sababu: damu huganda ndani ya mguu wa namna hiyo, na ukiukanda, donge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu. Karatasi ya infirmier ilisema malaria. Watu wa hospitali wangetibu malaria. Hapa duniani mtu mmoja tu alijua la kuwaambia, na mtu huyo alikuwa anashukuriwa.

Antena ya simu ilikuwa kimya tangu vita vipite huko. Callixte akachukua karatasi.

Kwanza aliandika Kifaransa, jinsi alivyozoea kumwandikia Mama Hélène kila mwezi. Aliandika kwamba alipitisha kifaa "kidogo" na kwamba familia "ilisisitiza". Akasoma. Ilikuwa barua nzuri, na ilikuwa ya uongo. Akaichana, akaandika kwa Kiswahili:

*Mama Hélène. Aurélie anayeletwa kwa kipoyi alizaa wiki tatu zilizopita. Jumatano mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na moto. Nilijua hatari yake, nikaukwangua kwa nguvu kwa sababu walinicheka. Leo anakosa pumzi. Tafadhali msifikirie malaria peke yake. Kosa ni langu. Callixte.*

Mlangoni Élysée, dereva wa pikipiki aliyempelekea barua zake za kila mwezi, alikuwa akipiga honi, nyuma kajaza fromage, jibini ya kuuza mjini.

"Papa, nikichelewa jua itaniyeyushia mali! Barua ya nani?"

"Ya Mama Hélène. Utapita kipoyi njiani, usisimame. Umupe mu mukono wake, si kwa mulinzi."

"Umeandika nini ya haraka hivi?"

"Mambo yangu."

"Ya kuficha?"

"Hapana," Callixte alisema. "Akiisoma, kila mutu atajua. Mukamurenzi wa kwanza."

Gundi haikuwapo. Alichukua bugali baridi uliobaki jana, akaupaka kwenye ukingo wa bahasha, akaubana kwa dole gumba lake bovu mpaka ukashika. Élysée akaitia bahasha kifuani, ndani ya koti, akateremka barabara ya matope.