Punda Katika Nira

Krr, krr, krr. Pembe ilikuwa ikikwaruza ukuta wa udongo, na nje kungali giza. Emama Asnaku alivuta shuka hadi masikioni.

"Lala, Nechu," alisema. "Hata mimi simwoni."

Nechu, maksai wake mweupe, aliyewekwa humo humo ndani nyuma ya kizuizi cha miti, hakulala. Siku ya tano sasa alikuwa akimtafuta Dama, maksai mwekundu wa jirani yao, Gashe Bizuneh. Miaka saba wawili hao walikuwa wamevuta nira moja, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na maksai mmoja tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na maksai mmoja halimi. Leo shamba la Bizuneh, kesho la Asnaku, na plau aliishika Bizuneh kote kote, maana kijijini kwao mwanamke hashiki plau, hata awe mjane.

Kisha wakagombana, tena nyumbani kwake Emama Asnaku, kwenye karamu ya Mtakatifu Mikaeli. Bizuneh alikuwa kwenye kikombe cha nne cha pombe ya shayiri.

"Kulima ni adhabu ya Adamu," alisema. "Wenye maduka wamebarikiwa, wanakaa kwenye viti. Sisi tunatumikia kifungo."

Emama Asnaku aliweka birika chini. "Nani kakwambia? Bustani ya kwanza Mungu aliipanda mwenyewe, Gashe, nyoka hajafungua hata mdomo. Adamu akapewa ailime akiwa bado mtu mwema. Adhabu ni miiba, si jembe."

"Basi mimi miiba ninayo."

"Hilo kijiji kizima tunalijua. Kwa miiba shamba lako limelishinda la Adamu."

Watu walicheka mno. Hapo ndipo Emama Asnaku alipokosea, naye alijua. Bizuneh alimfungua Dama, aliyefungwa nje pamoja na Nechu, akaenda zake bila kuaga.

Sasa ilikuwa tarehe kumi na saba ya Hamle, mwezi wa mvua. Mashamba yote mawili yalibakiza kupigwa plau mara ya mwisho na kupandwa nafaka ya tefi, na siku zilizobaki zilikuwa mbili tu. Tarehe kumi na tisa ni ya Gabrieli, siku ambayo hakuna anayegusa udongo, na nyuma yake kuna Mariamu, kisha Giorgis, watakatifu wamejipanga kama watu kisimani. Wakiisha kupita, mvua itakuwa imeugeuza udongo uji. Bila tefi hakuna injera, mkate wao wa kila siku, mwaka mzima.

Kulipopambazuka alimtoa Nechu malishoni. Kando ya ua wa shamba la Bizuneh akasikia mtu akibembeleza.

"Inuka, baba. Inuka, bwana mkubwa. Mizunguko miwili tu."

Alichungulia. Gashe Bizuneh alikuwa amemfunga Dama nira pamoja na punda. Nira imekaa mshazari kama paa linaloanguka, mfereji wa plau umezunguka na kurudi ulikoanzia, na punda ameketi chini kabisa, anatazama milima. Dama alikuwa amegeuza uso kando, kama mtu asiyetaka kujulikana amekuja na nani.

Emama Asnaku alijaza shela mdomoni asicheke. Ndipo akaona, njiani kule chini, kilemba cheupe na jembe begani. Abba Lisanu, kasisi wao, alikuwa akienda shambani kwake.

Kila mtu alijua Torati ilivyosema: usilime kwa ng'ombe na punda pamoja. Abba angempa Bizuneh mfungo, na kusujudu mara mia mbili kwa goti lake bovu. Naye Emama Asnaku angekuwa ameshinda. Wazo hilo lilikuwa tamu kama asali, akalionja kidogo.

Kisha akaiona nira vizuri. Upande wa Nechu, pale ilipomchuna shingo msimu uliopita, palikuwa pameshonewa kipande kipya cha ngozi ya kondoo. Uzi wake ulikuwa wa kijani, umechomolewa pindo la blanketi la Bizuneh mwenyewe. Alikuwa ameshona lini, na hakusema?

Akapita kwenye ua, akamfungua punda, akamwingiza Nechu. Maksai wakagusana pua, wakashusha pumzi.

Bizuneh alimtazama Dama. "Muulize huyo mama amefuata nini."

"Nechu, mwambie Abba anakuja, ashike plau aache maswali."

Bizuneh aliishika upesi. Abba Lisanu alipofika, wote wawili waliubusu msalaba wake. Aliutazama mfereji ule wa mviringo.

"Na punda?"

"Anapumzika, Abba," alisema Emama Asnaku, na hilo lilikuwa kweli.

Abba alibariki maksai, akabariki plau na mbegu. Akamtazama punda shingoni, mahali nira ilipolaza manyoya, akambariki naye.

"Gashe Bizuneh, siku ya Gabrieli uwahi kanisani. Tutasoma Torati."

"Ndiyo, Abba," Bizuneh alisema, macho chini.

Abba alipokwisha kupita, Bizuneh alikohoa. "Dama, mwambie tuanze shamba lake."

"Nechu, mwambie tumeshasimama katika lake, na mawingu yale. Langu kesho. Na mwambie neno langu la siku ile lilikuwa na miiba, anisamehe."

Bizuneh alikaza mikono kwenye plau. Alilima. Jua lilipopanda akaanza kutupa tefi, mbegu ndogo kuliko haradali, kwa jina la Baba na la Mwana, na bila kujua akaanza kuimba.

"Nechu," alisema Emama Asnaku, "msikilize mfungwa anavyoimba."

Bizuneh alicheka mpaka akamwaga mbegu mguuni.

Kesho yake shamba la Emama Asnaku likapandwa pia, na mvua ikaanza walipokuwa wakifungua nira. Bizuneh alikunywa kahawa mlangoni kwa Emama Asnaku vikombe vitatu, akasimama kumvuta Dama, na Dama hakutaka kuondoka.

Emama Asnaku alimkuna maksai huyo katikati ya pembe.

"Mwambie bwana wako kesho ni Gabrieli, hakuna kulima. Akitoka kanisani, mje hata hivyo."