Gwaride Lisilojua Kusimama

Namkunda anasinzia. Si kosa lake peke yake. Kosa kubwa ni la maharage ya mchana, na la Meja Kivuyo anayefundisha sheria za jeshi kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Darasa zima la maofisa wanafunzi linapigana na kope zake, lakini Namkunda ndiye anayeshindwa kwanza, na hata katika kushindwa anaiwaza kesho. Kesho ataongoza gwaride mbele ya wakuu, na akivurunda, mpango wa uofisa pale chuo kikuu umekwisha kwake, anarudi kwenye shahada yake ya mifugo akawaamuru ng'ombe. Sauti anayo. Tatizo lake ni adabu. Siku ya kwanza alipokutana na Sajenti Chambuso, mkufunzi wao wa gwaride, mtu wa umri wa baba yake, alipiga saluti, akapiga na goti, akasema shikamoo, na yule mzee wa watu akaitikia marahaba mwanangu kabla hajakumbuka yuko wapi. Walichekwa wote wawili. Tangu hapo, kila akisimama mbele ya askari waliomzidi umri, amri inamtoka ikiwa imejifunga khanga: naomba mgeuke kulia, tafadhali, kama hamtajali.

Basi kichwa kinaangukia dawati, na dawati halipo. Kuna barabara. Ni pana na nyeupe, inanyooka, inajikunja, inanyooka tena, kana kwamba imesahau ilichokuwa ikitaka, na juu yake gwaride linatembea, kushoto kulia, kushoto kulia, na Namkunda yuko ubavuni mwake na fimbo ya ofisa kwapani, ingawa hakumbuki kupewa. Mbele yao anatangulia koplo wa kuonyesha njia, na chini ya kofia ya koplo hakuna uso. Hakuna pua, hakuna hata kunyanzi moja, ni ngozi tupu iliyonyooshwa vizuri. Hapo Namkunda anapata taabu, maana pasipo uso hapana umri. Amwamkie shikamoo au amwambie mambo? Anachagua katikati, anasema habari za kazi, kisha anauliza barabara hii inakwenda wapi. Inakwenda ulikoiambia iende, anajibu koplo, sauti ikitokea kwenye kola. Namkunda anasema hajaiambia kitu. Ndiyo maana haifiki, anasema koplo, na kuendelea kupiga mguu chini. Wanaingia katika mji ambao kila nyumba ina pacha wake ng'ambo ya barabara, duka likitazama duka lile lile, mbuzi akimtazama mbuzi yule yule, na ng'ambo hiyo Namkunda anamwona Namkunda. Yule ana nyota mabegani na ameketi barazani. Mbele yake mama yao amesimama mguu sawa, birika mkononi. Chai, mimina, anaamuru yule wa nyota, na mama anamimina, kiwiko kimebana ubavu kama anavyotakiwa askari. Sukari, koroga. Hakuna shikamoo, hakuna asante mama. Namkunda wa huku anaona aibu mpaka masikio yanamwaka. Hiki ndicho anachokiogopa siku zote bila kumwambia mtu, kwamba siku atakapojua kuamrisha atarudi kwao Upareni akiwa mtu huyu. Anamuuliza koplo kama hakuna njia nyingine ya kuwa ofisa. Ipo, anasema koplo, ila huioni mpaka uwe umeshaipita. Jibu hili halimsaidii Namkunda hata kidogo, na anaapa moyoni kwamba hatampazia sauti mkubwa wake mpaka anaingia kaburini.

Mji unayeyuka, barabara inaanza kuteremka, na sasa ndipo anapowatazama vizuri anaowaongoza. Wote ni wakubwa zake. Yumo Mwalimu Elinami aliyemfundisha darasa la tatu, yumo mama mchungaji na mkoba wake, yumo shangazi Nakiete na viatu vyake vya harusini, na mstari wa mbele kabisa yumo babu yake, mkongojo begani mahali pa bunduki. Na mbele ya babu barabara imekatika. Kule hakuna kitu ila hewa. Namkunda, ambaye sasa ameachwa nyuma, anakimbia kwenda mbele, lakini afanyeje, hawezi kuwapita watu wazima bila salamu. Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama mchungaji, wa nyumbani hawajambo? Gwaride linaitikia marahaba kwa sauti moja, kwa upole mwingi, na linaendelea kutembea. Anamfikia babu akihema. Shikamoo babu, samahani, kama hutajali, naomba msimame kidogo. Marahaba, anasema babu, na kupiga hatua nyingine kuelekea hewani. Anamgeukia koplo amsaidie, na koplo anasema kazi yake ni kuonyesha njia, na njia imeshaonekana.

Mjukuu wangu, anasema babu, bila kugeuza shingo kwa kuwa kwenye gwaride shingo haigeuzwi, tunatembea tangu ulipoanza chuo. Miguu inaniwaka moto. Sote hapa tunangoja mtu aseme neno moja tupumzike, na wewe unatuamkia.

Lakini babu, nikuamrishe mimi?

Nani mwingine? Heshima yako naijua, nilikufundisha mwenyewe. Ila leo inanimaliza.

Namkunda anajisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia. Anatazama miguu ya mzee, imevimba ndani ya ndala, na sauti inamtoka tumboni, ndefu, haina naomba wala tafadhali: gwaride, simama. Miguu yote inatua kwa kishindo kimoja. Vidole vya babu vimechungulia nje ya ukingo. Anashusha pumzi, na Namkunda hajawahi kumwona amefurahi hivi, hata msimu tangawizi ya shamba lake ilipopanda bei.

Anafumbua macho. Yuko wima, na darasa zima liko wima, mikono imebana mapaja, Meja Kivuyo naye na chaki yake hewani. Mlangoni Sajenti Chambuso, aliyekuwa akipita na kikombe cha kahawa, ameganda, maana mwili wa askari wa siku nyingi husikia amri kabla kichwa hakijauliza imetoka wapi, na kahawa inamtiririkia mkononi. Jua la madirishani liko nyuma yao, nyuso zao ni kivuli kitupu, hakuna pua inayoonekana. Huenda ameamka. Huenda gwaride limepita humu kupumzika tu. Samahani inampanda kooni, na shikamoo nyuma yake, na naomba nyuma ya shikamoo, lakini anautazama ule mkono unaoungua, mkono wa mtu wa umri wa baba yake, anayengoja, na anazimeza zote.

Kaeni, anasema.

Viti vinakwaruza sakafu. Sajenti anahamishia kikombe mkono wa pili, anaupuliza ule ulioungua, kisha anasema asante, afande, na hakuna anayecheka. Namkunda anabaki amesimama peke yake, akingoja ama kengele ya kipindi ama koplo, yeyote atakayetangulia.