Saa ya Kuvua

Siku fundi alipoungua mkono, alikuwa akifanya kazi ambayo angeweza kuifanya huku akipiga soga. Kiwanda kidogo cha mikate kilikuwa na betri za akiba, zimepangwa kwenye rafu nyuma ya tanuri, na mojawapo ilikuwa na kichwa cha kufungia waya kilicholegea. Mwanamke huyo alikuwa na miaka mingi katika kazi ya umeme, hakuona la kuhofia. Akaingiza spana, akakaza. Mkanda wa saa yake, wa chuma kitupu, ukateleza hadi kwenye kifundo cha mkono ukagusa vichwa viwili vya betri kwa mpigo.

Betri za namna ile hazimrushi mtu. Lakini chuma kikiziunganisha hupata moto kuliko pasi. Cheche iliruka, na kabla hajauvuta mkono, mkanda ulikwisha kumchora alama mbichi kuzunguka kifundo. Alipiga ukelele. Mwokaji akaja mbio, unga hadi kwenye nyusi, akamtumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji bila kuuliza swali.

Saa ile alipewa na baba yake siku alipopata leseni. Mzee alikuwa fundi cherehani, mtu wa suti na kola zilizonyooka, na kwake mtu asiye na saa ya maana alikuwa nusu uchi.

Chuoni walifundishwa kuvua kila kitu cha chuma kabla ya kugusa umeme. Fundi aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Ila alikuwa amegundua jambo: akifika kwenye nyumba mpya, mwenye nyumba humtazama juu mpaka chini, kisha huchungulia nyuma yake kumtafuta fundi mwenyewe yuko wapi. Macho yakitua kwenye saa ile, maneno hupungua makali. Basi akawa haivui.

Baada ya kuungua, kwa muda akawa anakwenda kwa baba yake na blauzi ya mikono mirefu, hata jua likiwa la utosi. Mchana mmoja, baada ya chakula, alijisahau akakunja mkono wa blauzi ili aoshe vyombo.

"Mama, huo mkono umefanyaje?" mzee akauliza.

"Mafuta ya moto, baba."

"Mafuta gani yanamwagika yakazunguka mkono kama bangili? Nimezeeka, sijapofuka."

Fundi akamweleza yote, mgongo ukiwa umemwelekea mzee, sahani mkononi. Alipomaliza, mzee alishika kitambaa akafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Kumbe nimekuunguza mwenyewe."

"Hapana, baba. Wewe ulinipa saa tu. Ubishi ni wangu."

"Na kwa nini ulinificha?"

"Ungejisikia vibaya."

"Na sasa unadhani najisikiaje?"

Mzee akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote. "Twende tukatafute nyingine. Leo unachagua wewe. Mimi msindikizaji tu."

Usindikizaji wenyewe uliishia mlangoni mwa duka. Mzee alijikuta mbele ya saa za rangi ya dhahabu, anazichungulia kwa mahaba. Muuzaji, mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni, akamtolea fundi saa nzito kama kufuli.

"Hii, dada, haiingii maji. Unazama nayo mpaka chini."

"Nikishazama, saa itanisaidia nini?" Fundi akairudisha. "Nataka ya plastiki. Namba kubwa, nizione hata nikiwa darini gizani. Na mkanda usio na chuma."

Muuzaji akashusha pumzi, akafungua droo ya chini. Fundi alizijaribu moja moja. Aliuingiza mkono kwenye mkoba wake wa kazi, katikati ya koleo na bisibisi, aone kama saa itanasa. Moja ilinasa, ikakataliwa hapo hapo. Nyingine ilimpendeza, lakini mzee akaupapasa mkanda wake kwa vidole vyake vya ushonaji.

"Kifungo hiki ni chuma. Wamekipaka rangi tu."

Ikarudi drooni. Ndipo ikatoka moja yenye mkanda wa kitambaa, ule wa kubandika na kubandua. Mzee akauvuta kama anayepima mshono.

"Huu unaachia wenyewe."

"Ndicho ninachotaka. Saa ikinaswa kwenye ngazi, bora iende yenyewe, mkono ubaki."

Mzee akaigeuza. "Mbona mgongo wake ni chuma?"

"Nyingi ziko hivyo, baba. Ndiyo maana hata hii nitaivua nikifungua boksi lenye umeme. Lakini nikipitiwa, haitanifanya kama ile."

"Kwa hiyo saa nzuri ya kazini ni ile inayovuliwa?"

"Ndiyo hiyo."

"Makubwa," akasema muuzaji. "Sijawahi kuuza saa kwa sifa ya namna hiyo."

Rangi aliichagua mzee: ya machungwa, kali mpaka inaumiza macho. Yeye aliyekuwa haruhusu hata uzi usiofanana na kitambaa. "Ikianguka kwenye vumbi la dari utaiona," akajitetea, bila kuulizwa.

Njiani hawakuharakisha. Walipofika kwenye benchi la kituo cha basi, mzee akaomba wapumzike, ingawa hakuonekana kuchoka.

"Ovaroli yako ya kwanza nilikushonea mimi," akasema. "Nikakupima mabega, nikakupima miguu. Sikukuuliza hata siku moja unaingia nayo wapi."

Fundi akacheka kidogo, kisha akaona mzee hacheki. Basi akaanza kumsimulia: glavu za mpira zinavyopulizwa upepo kuona kama zina tundu, testa inavyojaribiwa kwanza pale penye umeme wa uhakika, swichi kubwa inavyofungwa kufuli ili mtu asije akaiwasha mwenzake akiwa ndani. Basi likaja likaondoka. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti.

"Na viatu?" akauliza.

Fundi akainua mguu mmoja, akamwonyesha soli nene ya mpira.