Rejeta ya Bafuni

Kosa la Kerubo lilikuwa na mantiki yake. Alikuwa ametoka Kisii Julai ya 1978 kumfuata mumewe, Bethuel, aliyefanya kazi ya kufunga rejeta za magari katika kiwanda kimoja cha Birmingham, na neno hilo alilijua kwa maana moja tu: chombo cha kupoza injini. Kwa hiyo Jumapili moja ya Oktoba, mbele ya wageni waliotoka kanisani, Bethuel aliposema bafu la nyumba yao ya mtaa wa Small Heath linahitaji rejeta kabla ya theluji, Kerubo aliweka birika chini akauliza, "Rejeta ya nini bafuni? Kwani baridi iliyopo haitoshi?"

Wageni walicheka. Kwa Waingereza rejeta ni chuma cha ukutani cha kupasha chumba joto. Bethuel alicheka kuliko wote. Lakini aliyelikamata neno hilo asiliachie alikuwa Jemima, dada yake Bethuel, muuguzi mkuu wa wodi, ambaye walikaa naye nyumba moja.

"Wifi yangu anataka tuoge ndani ya friji," alisema. "Msimlaumu. Huko kwao injini ni ng'ombe, na ng'ombe hapozwi."

Tangu siku hiyo akamwita Mama Rejeta. Alimwita hivyo kanisani, dukani na kwenye simu, mpaka akina mama wengine nao wakamwita hivyo bila ubaya wowote, wakidhani ndilo jina lake la utani alilolipenda.

Kerubo hakulia. Aliitazama hali yake jinsi ilivyokuwa. Jemima ndiye aliyeamua kipikwe nini, mapazia yawe ya rangi gani, na mtoto aliye tumboni mwa Kerubo azaliwe hospitali ipi. Kumwomba Bethuel amtoe dada yake ilikuwa kazi bure. Jemima ndiye aliyemsomesha. Ilibidi dada huyo aondoke kwa miguu yake mwenyewe. Kerubo hakutaka kingine.

Duka la vifaa vya bafu walilokwenda wote watatu lilikuwa Barabara ya Coventry. Mwenyewe aliitwa Baldev Singh, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, ambaye aliwahudumia Wakenya kwa Kiswahili cha dukani alichokuja nacho.

"Leo Mama Rejeta ndiye atakayechagua," Bethuel alimwambia. "Ndiye mtaalamu wetu."

Baldev aliwaonyesha mbili. Moja ilikuwa bamba pana la chuma, jeupe, lisilo na sura. Ya pili ilitoka Italia: mabomba membamba ya kromu yaliyopangwa kama ngazi, yanang'aa kiasi cha mtu kujiona meno. Jemima alikuwa ameiona ya namna hiyo katika bafu la daktari mmoja wa Edgbaston, mtaa wa matajiri, na habari za bafu hilo watu wote wa nyumbani walizijua kwa moyo. Aliigusa, kisha akamvuta kaka yake wakatazame bomba za sinki upande wa pili.

Baldev akashusha sauti. "Mama, mimi nasema kweli. Hii ya Italia maridadi tu. Hii ya taulo. Bafu yako iko nyuma ya nyumba, kuta tatu iko nje. Chukua nyeupe."

"Joto lake ni dogo kiasi gani?"

"Taulo takauka. Mtu tatetemeka."

Upande wa pili Jemima alikohoa. Kifua kilimsumbua tangu mwaka wake wa kwanza Uingereza, na kila siku ya zamu alioga alfajiri, nyumba ikiwa bado haijapata joto. Kerubo alikuwa akikisikia kikohozi hicho kupitia ukutani. Yeye mwenyewe angeweza kuogea jikoni, kwenye karai, kando ya jiko, na Bethuel aliogea kiwandani.

"Nipe ya Italia," alisema. "Na haya uliyoniambia, Bwana Singh, yaishie hapa."

Baldev akachukua daftari la risiti. "Mimi nauza tu, mama."

Jemima aliporudi akapiga makofi. "Ala! Kumbe wifi ana macho! Mimi nilidhani atachagua sufuria."

"Nimejifunza kwako, dada."

Rejeta ilipofungwa, Jemima aliwaita akina mama wa kanisa waje kuiona. Walijitazama ndani yake, nyuso zikapinda, wakacheka. Mmoja akauliza kama inapasha vizuri.

"Mombasa kabisa," alisema Jemima, ambaye alikuwa hajaoga nayo hata mara moja.

Sentensi hiyo ndiyo iliyomfunga. Januari theluji ilipoanguka na kukataa kuyeyuka, alitoka bafuni midomo imebadilika rangi, na Bethuel alipomuuliza, alijibu kwamba yuko sawa. Angejibu nini tena? Kerubo naye aliizoea kazi moja mpya: kila usiku alimtandikia wifi yake taulo nene juu ya rejeta, kutoka ncha hadi ncha. Taulo lilizuia hata kile kijoto kilichokuwepo. Alilijua hilo, alikuwa amepima kwa kiganja.

"Umeoga vizuri, dada?"

"Vizuri sana."

"Mombasa?"

"Mombasa."

Mwisho wa mwezi Jemima alilazwa kwa nimonia, katika wodi aliyozoea kuisimamia. Alipopata nafuu alimwambia Bethuel kwamba atahamia hosteli ya wauguzi, kwa kuwa ni karibu na kazini. Bethuel aliamini. Kerubo alimwacha aamini, kisha akamtuma kwa Baldev.

Jemima alikuja kuchukua vitu vyake Jumamosi. Alikuwa amekonda; koti lilimning'inia. Aliingia bafuni kuchukua mswaki wake, na mlango ukabaki wazi. Kioo kilikuwa na ukungu. Ukutani, mahali pa ngazi ya kromu, lilikuwa limefungwa lile bamba jeupe, na chumba kizima kilikuwa na joto hadi kwenye pembe.

Aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka.

Kerubo alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo lake. "Oga kabla hujaenda, dada," alisema. "Maji yapo ya kutosha."

Jemima aliliona taulo lake nene, sasa limetundikwa msumarini, mbali na chuma. Kisha akamwita kaka yake kutoka chini, akamuuliza viatu vyake vya kazini ameviweka wapi.