Uzi Mwekundu, Uzi Mweupe

Mwaka 1961, mtu wa Likoni akipata kidonda kisichopona alipelekwa kwa Mwanarusi. Lakini siku hizo wengine walikuwa wakiupita mlango wake na kwenda nyumba ya pili, kwa wifi yake Nana, ambaye Mwanarusi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutwanga dawa. Mwanarusi aliwahesabu kupitia dirisha.

Rashid, mfanyakazi wa maabara ng'ambo ya kivuko, alichukua unga wa dawa za wote wawili kuzijaribu. Aliotesha vijidudu vya usaha katika visahani vya kioo, akatonesha kila dawa, kisha akarudi na majibu.

"Dawa yako, mama, haikufanya kitu. Ya Nana imeviua vijidudu. Pale penye tone pamebaki peupe."

"Labda umekosea," alisema Mwanarusi.

"Huenda. Nitarudia."

Aliwapa vifuko viwili: chenye uzi mwekundu cha Mwanarusi, chenye uzi mweupe cha Nana. Mwanarusi alitia unga wa majani yake. Nana alitia wa mizizi yake, akamwachia wifi yake kifuko, akaenda kumwangalia mgonjwa. Mwanarusi akafungua nyuzi zote mbili, akazibadilisha.

Majibu ya pili yalimpa Mwanarusi ushindi. Rashid alimtaka radhi mbele ya majirani, naye akatembea siku mbili kichwa juu. Siku ya tatu Rashid akaja na gunia.

"Wakubwa wa maabara wanataka dawa yako zaidi, na niuone mti wenyewe."

Mwanarusi hakujua Nana alichimba wapi. Kiburi kilikuwa kimemzuia kuuliza. Akamwacha Rashid barazani, akaenda kwa wifi yake.

"Nilibadilisha nyuzi," alisema.

"Najua, wifi. Nilijua Rashid aliponiambia yangu imeshindwa."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nikuseme kwa mgeni?"

Nana alichukua jembe, akawaongoza hadi kichakani nyuma ya mashamba. Akamwambia Rashid, "Huyu ndiye mwalimu wangu. Andika majina yetu sote."

"Andika la Nana peke yake," alisema Mwanarusi. "Mizizi ile ilikuwa yake. Mimi nilibadilisha nyuzi."

Rashid aliinamisha macho, akaandika. Nana akaanza kuchimba. Mwanarusi alipiga magoti amsaidie kuondoa udongo. Aliitazama mikono ya wifi yake, jinsi ilivyoujua mzizi kabla haujaonekana, na bado alitamani ingekuwa yake.