Upande Zilikolalia Nyasi

Kazi yetu ya kwanza ya nyasi bandia ilikuwa ua wa nyuma wa fundi cherehani aliyefiwa na mkewe. Mimi nilikuwa na stashahada ya masoko, wifi yangu alikuwa na nguvu za mikono, na sote tulikuwa tumechoka kuuza vitu vya wenzetu. Ua ule ukipendeza, jirani angeuona, na jirani wa jirani. Ukiharibika, turudi dukani tukauze sabuni.

Fundi hakuzunguka maneno. Mkewe alitoka kuanika nguo, akaanguka chini ya kamba, hakurudi ndani. Yeye alikuwa chumba cha mbele, cherehani inakimbia, hakusikia kitu. Tangu siku hiyo mlango wa nyuma aliutia komeo. Kati ya mlango na kamba kulikuwa na njia nyembamba ya udongo, imeshindiliwa na miguu ya mwanamke mmoja miaka yote ya ndoa.

"Nifunikie ile njia," alisema. "Nataka niweze kuufungua mlango huu tena."

"Mzee, tutaifunika mpaka uisahau." Mdomo wa mauzo huo.

Tulikwangua ua mzima, tukamwaga vumbi la mawe, tukashindilia, tukatandika. Nyasi bandia zina kanuni yake: majani yote yameinama upande mmoja, kama manyoya ya paka. Unazitandika zikiinamia nyumba, ili anayetazama kutoka mlangoni aone kijani kizito. Wifi aligeuza roli ya nyasi, akaitandika kinyume. Nilikuja kugundua gundi imeshakauka, majani yote yameinamia ukuta wa mbali, nyumba yameipa kisogo.

"Nyasi ni nyasi, wifi," akasema. "Ng'ombe hatalalamika."

"Mteja si ng'ombe."

"Basi akilalamika mwambie ndio mtindo mpya."

Nilimeza hasira. Tukanyunyiza mchanga mweupe katikati ya majani ili yasimame, tukafagia, tukaondoka.

Asubuhi iliyofuata fundi akapiga simu. "Mama, njoo. Njia imerudi."

Tuliingia kwa geti la pembeni. Yeye alikuwa ndani, kwenye dirisha la jikoni. Ua wote ulionekana umepauka, isipokuwa utepe mmoja wa kijani kizito, kutoka kwenye kamba hadi mlangoni.

"Umeunga kipande kinyume," nikamwambia wifi.

"Kipande gani? Hapa ni roli moja nzima."

Nikapiga magoti, nikapapasa nitafute maungio. Hayakuwepo. Majani ya pale tu ndiyo yaliyogeuka, yamelazwa kuelekea nyumba.

"Paka," nikasema.

"Paka wa miguu miwili," akasema wifi. Nikamkata jicho.

Nilichukua ufagio mgumu nikayarudisha yalivyokuwa, nikasugua mpaka jasho likanitoka. Kesho yake utepe ulikuwa pale pale. Safari hii, mbele ya kizingiti, majani yalikuwa yamebonyea mahali pawili, kama alama za mtu aliyesimama akingoja.

Mambo haya siyapendi, na mbele ya wanangu siyazungumzi. Lakini mtu aliyefungiwa nje namjua anavyosimama. Nimewafungulia mlango wengi.

"Kila siku anakwenda kule alikoangukia?" fundi akauliza dirishani. Sauti ilikuwa ndogo. "Hapumziki?"

Ningeweza kusingizia jua. Ningeweza kusema udongo umetitia, tutakuja kurekebisha. Lakini kiganja changu kilikuwa juu ya nyasi, na kosa letu lilikuwa limeweka jambo wazi. Anayekwenda kwenye kamba, kuelekea ukuta, angekanyaga kwa upande ule ule tuliozilaza sisi, asingegeuza jani.

"Haendi, mzee," nikasema. "Anarudi. Ila mlango umeufunga."

Fundi akatoweka dirishani. Tukasikia komeo likigoma, likigongwa na kitu cha chuma, kisha likaachia. Mlango ukafunguka, na fundi akasimama kando yake na mkasi wake mkubwa mkononi, ameacha nafasi ya mtu kupita.

"Ingia, mama watoto," akasema. "Sikukusikia."

Wifi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alirudi nyuma taratibu, akatoka juu ya ule utepe.

Tulirudi asubuhi kuchukua vifaa vyetu, na mimi nimeshaamua kumwambia fundi kwamba roli iligeuzwa na tutaitandika upya. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Utepe haukuwepo. Ua mzima umeinamia ukuta, vile vile tulivyoukosea. Lakini jikoni, juu ya saruji, kulikuwa na chembe za mchanga mweupe zimepita kwa mstari hadi chumba cha mbele, zikakoma kwenye kigoda kilicho kando ya cherehani. Fundi alikuwa anashona polepole, akisimamisha gurudumu kila mara kama anayesikiliza.

"Mzee, ufagio uko wapi nikufagilie?" wifi akauliza.

"Acha," akasema bila kuinua kichwa. "Na mkitoka, mlango msiufunge."