Tonge Halirudi Sahanini

Katika mtaa wote wa nyuma ya soko la kondoo, pale mjini Debre Birhan, Ethiopia, hakuna aliyewahi kukataa tonge la Bibi Asnakech akafanikiwa. Padri alijaribu, akisema ameshakula kwingine. Alitoka na mchuzi kwenye ndevu. Fundi wa mabomba alijaribu, akaonyesha mikono yake iliyojaa matope. Bibi akamwambia, "Nani amekuomba mikono? Fungua mdomo." Alikuwa akichana kipande cha injera, mkate wao mwembamba wa duara, anakikunja na nyama ndani kwa vidole vitatu, na kabla hujasema ahsante kiko kinywani. Tena si kimoja. Kwao tonge la kwanza huleta ugomvi, la pili huleta suluhu ya shingo upande, la tatu ndilo upendo.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa mjukuu wake Hirut, mwenye miaka saba. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa na mwaka mmoja, ikaondoka na macho yake na masikio yake. Mama yake alikuwa Arabuni akifanya kazi za ndani, kwa hiyo mtoto alikuwa wa bibi, na kidogo wa mtaa. Majirani wakija kunywa kahawa, kila mmoja alimpa matonge yake matatu. Hirut alikaa juu ya ngozi ya kondoo, amefungwa shuka hadi kidevuni, mikono ndani. Akihisi sakafu inatikisika kwa nyayo za mtu, alifungua mdomo kama kinda la ndege.

"Mtoto huyu hana shida," Bibi alimwambia Mwalimu Wubit siku ya kwanza alipokuja. "Amepungukiwa maneno tu."

Mwalimu Wubit alikuwa mwanamke mwembamba mwenye bangili ya shaba, aliyezoea kufundisha watoto wasioona wala kusikia. Alikaa pembeni akaangalia mpaka saa sita mchana, kisha akasema, "Bibi, nimehesabu matonge thelathini na moja."

Bibi aliona haya. "Leo wageni walikuwa wachache."

"Na hajaomba hata moja."

"Aombe? Aombe nini nyumbani kwake?"

"Basi hapo ndipo maneno yalipokwama, bibi. Mikono yake ndiyo mdomo wake, na ndiyo masikio yake. Nyinyi mmeifunga ndani ya shuka. Kuanzia kesho hakuna kumlisha."

"Umlaze mtoto na njaa, kwangu mimi!"

"Atakula, tena atashiba. Nitamshika mkono tuombe pamoja, tule pamoja, mpaka siku atakapoomba peke yake. Nipe wiki tatu."

"Sikupi hata moja."

"Una miaka mingapi, bibi?"

"Sabini na mmoja, na meno yote."

"Mungu akuongezee. Siku utakapokufa, nani atajua kwamba Hirut ana njaa?"

Swali hilo Bibi Asnakech alikuwa akilala nalo kila siku. Hakupenda kulisikia likisemwa mchana, tena na mtu mwenye shingo nyembamba vile.

"Haya, wiki tatu," alisema mwishowe. "Sasa sogea ule."

"Sitakula katika nyumba hii mpaka Hirut aombe mwenyewe."

"Hata kahawa?"

"Hata kahawa."

Bibi akashika kifua. Mtoto asiyesikia na asiyeona aliweza kumbeba. Lakini mgeni anayeingia asubuhi na kutoka jioni bila kula, huo ulikuwa msiba. Siku ya tatu jirani yake Beletu alichungulia mlangoni. "Shoga, nasikia una mgeni ambaye chakula chako hakimpandi. Umeanza kuunguza vitunguu?"

"Toka hapa, Beletu. Mwenyewe unapika kama unaadhibu watu."

Mafunzo yenyewe yalimchoma Bibi roho. Mwalimu alifika kila asubuhi kwa miguu, barafu ikiwa bado kwenye majani. Kabla ya kumgusa mtoto aliibana mikono yake kwapani mpaka ipate joto. Alisema mkono baridi ni salamu mbaya. Kisha alichukua mkono wa Hirut, akauweka juu ya wake, na kwa kidole wakazungusha duara kwenye kiganja, kutoka ukingoni kwenda katikati, kama mtu anavyomimina uji wa injera juu ya sinia la moto. Hiyo ilikuwa injera. Chakula kikiisha, kiganja kilifuta kiganja: imetosha. Bibi naye alipata jina. Lilikuwa kuzungusha pete yake kidoleni.

Hirut hakutaka duara wala pete. Alitaka mdomo wake ujazwe kama zamani. Siku ya kwanza alirusha sahani, siku ya pili akamng'ata mwalimu. Mwalimu Wubit alifunga kidole kitambaa, akarudi kwenye duara.

Siku ya tano, mwalimu alitoka uani kunawa. Aliporudi, ngozi ya kondoo ilikuwa tupu. Aliwakuta kwenye banda la kuku, Bibi na Hirut, wamechutama gizani, kuku wamewazunguka kwa matumaini makubwa.

"Tulikuwa tunasali," alisema Bibi.

Hirut alikuwa akitafuna. Siagi ilimtiririka kidevuni.

"Amina," alisema mwalimu. Akakaa kwenye kizingiti cha banda, akaegemeza kichwa mlangoni. Uso wake ulikuwa umepauka. "Bibi, nakaa mbali, natoka kwangu kabla hakujapambazuka. Kutwa nzima nanusa mchuzi wako wa kuku, na mimi ni mtu kama wengine. Kila tonge unalomwibia Hirut, unanirudisha nyuma siku moja. Una watu wawili wenye njaa hapa. Chagua mmoja wa kumhurumia."

Bibi alitazama shingo ile nyembamba. Akatoa kutoka kwenye shuka lake matonge mengine manne aliyokuwa ameyaficha, akawatupia kuku.

Baada ya hapo hakuiba tena. Majirani wakija, aliwasimamisha mlangoni na kuwakagua mikono kama askari wa mpakani. "Wewe Beletu, fungua ngumi." Beletu alifungua. Kulikuwa na kipande cha mkate. "Mwizi mkubwa wewe!" alisema Bibi, ambaye juzi tu alikuwa bandani.

Siku kumi na nane zilipita. Hirut sasa alikuwa akitembea akishika kuta, mikono nje. Lakini duara alilifanya pale tu mwalimu aliposhika mkono wake. Akiachwa, mkono ulianguka kama kitambaa. Bibi alianza kuhesabu siku zilizobaki, zikawa tatu, na usiku hakupata usingizi.

Siku ya kumi na tisa mwalimu alichelewa. Bibi alikuwa jikoni, ameshika kopo la uji wa injera, anamimina. Akahisi kitu kinamvuta. Hirut alikuwa amekuja peke yake kwa kufuata harufu. Aliushika mkono wa bibi yake mtupu, akaukunjua vidole kimoja kimoja, akachora katikati ya kiganja. Duara. Akangoja. Akachora tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa kiziwi.

Injera ikaungua. Ilikuwa ya kwanza kuungua katika nyumba ile kwa miaka arobaini, na Bibi hakuinusa hata kidogo.

Mwalimu Wubit alipofika alikuta wanawake kumi na wawili wamepanga mstari jikoni, kila mmoja amenyoosha kiganja.

"Mimi bado hajaniomba!" Beletu alikuwa akilia. "Amemwomba hata yule mpita njia, mimi jirani ananiruka!"

Hirut alikuwa ameomba mara tisa na kupewa mara tisa. Tumbo lilikuwa kama ngoma. Bibi Asnakech, machozi yakimdondokea kwenye mchuzi, alikunja tonge la kumi, nono, lenye yai zima. "Moja la mwisho, roho yangu. La upendo."

Tonge likagusa midomo. Midomo ikabaki imefungwa. Hirut alishika kifundo cha mkono wa bibi yake, akauzuia. Kwa mkono wa pili akakitafuta kiganja cha kushoto cha Bibi, akakifuta kwa kiganja chake. Kisha akapapasa mpaka kwenye pete, akaizungusha.



"Amesemaje?" Bibi aliuliza.

Mwalimu alikuwa amejiziba mdomo. "Ameunganisha mawili, bibi. Hakuna aliyemfundisha kuunganisha. Amesema, 'Imetosha, Bibi.'"

"Amenikatalia?"

"Amekukatalia."

"Mimi? Jikoni kwangu?" Bibi alimgeukia Beletu, akageukia wengine, sauti ikipanda. "Mmeona? Padri alishindwa! Mume wangu, Mungu amrehemu, alikula miaka thelathini bila kuthubutu! Na huyu kaniambia imetosha, na jina langu kanitajia!" Alicheka, akalia, akambusu Hirut mikono yote miwili, mbele na nyuma.

Lakini tonge lilikuwa bado mkononi, na tonge halirudi sahanini. Bibi akainua macho. Mwalimu Wubit alikuwa amekwishaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Bibi, subiri kwanza, kidogo tu, tumbo langu limezoea kufunga..."

"Hirut amesema imetosha," alisema Bibi Asnakech, akimsogelea. "Wewe sijakusikia ukiomba, sijakusikia ukikataa. Beletu, mshike. Hili ni la kwanza."